Bosi kanipotezea siku nzima kwa "to whom", Mwingereza mwenyewe kajibu "we was"

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika ovyo.

Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, ofisi iko Posta. Jina silitaji, mshahara bado nauhitaji. Ijumaa iliyopita saa mbili asubuhi nagundua jina la mwenye mzigo kwenye BL, ile hati ya meli ya kupokelea mzigo, limekosewa herufi moja, halifanani na la kwenye invoisi. Kontena la injini na gia boksi za mtumba, mwenyewe yuko Kariakoo anapiga simu kila nusu saa. Dawa yake moja tu: aliyepakia mzigo kule Manchester awaambie watu wa meli warekebishe kabla hawajafunga ofisi kwa wikiendi. Nikaandika imeili mistari minne. Kwa kuwa inakwenda kwa mzungu, lazima bosi aipitie kwanza.

Akaiprinti. Imeili, jamani, kaiprinti! Akatoa kalamu nyekundu.

Niliandika "Who should I send the copies to?" Akaizungushia "who" duara, akakata "to" ya mwisho, juu akaandika "To whom". Chini nilikuwa na "to quickly correct", akasema pale katikati neno haliingizwi, ndiyo shida ya kuajiri watoto wa shule za kata. Kasema kwa sauti, mbele ya mteja na dada wa mapokezi. Nikarudia. Akaenda kikaoni, karudi saa nane, akaona koma haijakaa sawa. Imeili imetoka saa kumi na nusu.

Haikupita dakika tano Mwingereza kajibu: "We was told Monday. Should of had this in the morning." Yaani watu wa meli hawapatikani tena mpaka Jumatatu. Storeji, ile tozo ya mzigo kukaa bandarini, ikaanza kuhesabu.

Bosi aliposoma mnajua alisemaje? "Unaona mwenye lugha anavyoandika? Kifupi, kimenyooka."

Usiku sikulala, nikapekua. Hiyo habari ya kumalizia sentensi na "to", mshairi wa Kiingereza Dryden aliilalamikia mwaka 1672. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, akaigusa kwenye kitabu chake cha sarufi, akisema mtindo huo haufai sana kwenye maandishi mazito. Na sentensi yake mwenyewe pale pale akaimalizia na "to"! Katazo la "to quickly" ndilo changa kabisa, limeshika kasi karne ya 19. Wafaransa wana akademia yao ya lugha tangu 1635, sisi tuna BAKITA tangu 1967. Kiingereza hakina baraza. Sasa bosi wangu anamlindia nani?

Na yule wa Manchester simcheki. "We was" badala ya "we were" ndivyo wanavyosema watu wengi kwao, wamezaliwa nayo. "Should of" ni sikio tu: "should've" ukiitamka haraka inasikika hivyo, naye kaandika alichosikia. Bosi mwenyewe kwenye grupu la ofisi anatuandikia "apo amfanyi kazi, alafu mnataka posho". Mswahili wa Temeke huyo, H zote kazimeza. Mbona hatujamprintia?

Sisemi tuandike tunavyotaka. Mimi mwenyewe nawachanganya "he" na "she" nikiongea haraka, maana kwetu wote ni "yeye". Ukiandika "I have seen him yesterday" umekosea, nisahihishe, nitashukuru. Lakini "who" kule mwanzoni hata maprofesa wao wanaitumia kila siku, na mzungu alielewa bila kuuliza.

Sasa kilichonileta hapa. Jana nimepewa barua ya onyo: nimechelewesha mzigo, storeji itakatwa kwenye mshahara wangu. Barua ni ya Kiingereza, sahihi ni ya bosi. Mstari wa kwanza tu: "You was instructed severally".

Wanasheria wa humu, anaruhusiwa kunikata? Na nikiijibu, nijibu kwa Kiswahili, au nimrudishie hiyo hiyo na duara jekundu? Kalamu aliisahau mezani kwangu.