Mratibu wetu wa Ahero alitumia pesa za kambi kununulia watu wa mafuriko unga, sasa kamati inataka atoke. Nifanyeje?

NyarAlego (mwenye uzi), Novemba 2020

Hamjambo wadau. Naomba ushauri na naomba mnivumilie maana nikifupisha hamtaelewa. Mi ni mratibu wa kanda wa kikundi cha vijana wa kujitolea, tuko Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, matawi sita. Hatuna ofisi, tuko na cheti cha kikundi, akaunti moja ya benki na stoo ndogo hapa Manyatta ya kuweka majembe, reki na gambuti. Mwezi wa pili tulikua volantia karibu 140. Saa hii nikituma ujumbe kwa grupu wanaojibu hawafiki 50.

Mnakumbuka tarehe 13 Machi, ile Ijumaa waziri wa afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona? Sisi tulikua na mafunzo kesho yake, ukumbi ushalipiwa, vijana wa Kakamega washafika wamelala kwa jamaa zao mjini. Nikawarudisha makwao asubuhi. Jumapili rais akafunga shule, na nusu ya kazi yetu ni shuleni (tunasomesha watoto, tunapanda miti), kwa hivyo nusu ya kazi ikaisha hivyo tu. Kafyu ikaingia tarehe 27, saa moja jioni uko ndani. Matatu ya watu 14 ikawa inabeba 8 na nauli ikapanda, kutoka hapa hadi Luanda ya Vihiga kwenda kuona tawi ikawa ni hesabu ya kukaa chini ufikirie kwanza.

Tulijaribu. Aprili tuliweka mitungi ya lita 20 yenye mfereji kwa stendi na karibu na soko, sabuni tunakata vipande tunafunga kwa wavu wa vitunguu na kamba ndio isibebwe, na kila asubuhi kuna kijana wa kujaza maji kabla akina mama hawajapanga mboga. Hio kazi naionea fahari mpaka leo.

Sasa shida yenyewe. Kila Agosti tunafanya kambi ya matawi yote, mfadhili wetu mmoja mdogo ndiye hulipa. Mwaka huu alituma 210,000 mapema, na kila kitu kilikua kimeanza kupangwa, tawi la Ahero ndio wangekua wenyeji kwa hivyo mwezi wa tatu mwanzoni tukawatumia 45,000 za matayarisho. Kambi ikafutwa. Halafu mwisho wa Aprili kuingia Mei mvua ikapiga, mto Nyando ukavunja kingo, tambarare ya Kano ikajaa maji, watu wakahamia madarasa ya shule kwa sababu hayakua na watoto. Mratibu wa Ahero akachukua 38,400 kwa zile pesa akanunua unga, maharagwe, neti za mbu na sabuni, akapelekea familia zilizokua zimelala kwa shule mbili.

Kamati imejua juzi tukitayarisha ripoti. Hakuna miniti (kumbukumbu za kikao), hakuna barua. Mweka hazina amesema huo ni wizi hata kama unga ulifika, na wengi wanamuunga mkono. Jumamosi ijayo tuna kikao cha kumtoa. Ripoti ya mfadhili inatakikana tarehe 15 Desemba. Na mi nikiangalia, huyo kijana ndiye mratibu pekee ambaye tawi lake halijalala mwaka huu mzima.

Nisaidieni. Atoke ama abaki, mfadhili nimwambie nini, na wale volantia 90 nawarudishaje?

Odhis wa Kondele

Pole dada. Swali moja tu kabla ya yote, pesa alizila ama alizitumia? Hivyo ni vitu viwili. Kama unga ulifika mwiteni ajieleze, sio mwende Jumamosi mkiwa mmeshaamua.

MhasibuMilimani

Nimekua nikikagua hesabu za vikundi vya namna hii miaka mingi, wacha niandike kirefu.

Kwanza, watu watakuja kukwambia uandike miniti za mwezi wa tano saa hii ili mambo yakae sawa. Usifanye hivyo hata kidogo. Miniti ya kurudisha tarehe nyuma ndio itageuza kosa la utaratibu kuwa udanganyifu, na hapo mfadhili akigundua atawatupa nyote pamoja na kazi nzuri mliyofanya. Kinachofanyika ni hivi: mnakaa Jumamosi, mnaandika miniti ya tarehe hio hio, mnasema waziwazi kwamba Mei kulitumika 38,400 bila idhini, sababu ilikua hii, tumeangalia ushahidi, tunaidhinisha ama hatuidhinishi. Kikundi kina haki ya kuidhinisha kitu baada ya kutendeka, bora kiseme kilitendeka lini.

Pili, mwandikie mfadhili kabla ya ripoti, si ndani ya ripoti. Akute habari kwa barua yako wewe mwenyewe, asikutane nayo kwa ukurasa wa tisa. Angalia mkataba, mingi inasema kuhamisha pesa kutoka kifungu kimoja kwenda kingine lazima uombe kwa maandishi, kwa hivyo kubali kwamba hamkuomba. Na zile zingine za kambi zilizobaki, umwambie ziko wapi hadi shilingi ya mwisho na uombe ruhusa ya kuzitumia kwa kazi nyingine, kwa sababu mwaka huu wafadhili wengi wamekua wakikubali wakiulizwa mapema.

Tatu, nenda Ahero kesho kama inawezekana, uchukue risiti. Zile za mashine zinafutika, za Mei saa hii zinaweza kuwa karatasi nyeupe tu. Piga picha, toa nakala, na juu ya nakala aandike kwa mkono ilikua ya nini. Orodha ya waliopokea iko? Sahihi ama alama ya kidole. Chifu ama mwalimu wa hizo shule anaweza kuandika kwamba aliona.

Halafu kuna kitu umeruka. Pesa za tawi hutolewa na mtu mmoja peke yake? Nani alimruhusu kuzitoa?

Mulembe_Treasurer

Mi ni mweka hazina wa kikundi huku Kakamega na naomba mnisikize bila hasira, najua wengi mtakua upande wa kijana. Sisi tulikua na mwenyekiti mzuri sana, mtu wa roho safi. Alichukua pesa ya miche akalipia mtoto wa mwanachama hospitali, sote tukapiga makofi. Mwaka uliofuata mwingine akachukua, naye akasema ni shida ya mwanachama, na hatukua na la kumwambia kwa sababu wa kwanza tulimpigia makofi. Leo hatuna miche wala pesa. Mweka hazina wenu si mtu mbaya, jina lake ndio liko kwa hio akaunti na ndiye ataulizwa.

Maoni yangu, asifukuzwe lakini akae kando na pesa, na apewe barua ya onyo iwekwe kwa faili.

NyarAlego

Asanteni sana. @MhasibuMilimani hilo swali lako limenikosesha usingizi kwa hivyo wacha niseme ukweli hapa kwanza kabla sijausema Jumamosi.

Kijana alinipigia. Ilikua usiku, mvua inanyesha hata mabati yangu yanalia simsikii vizuri, akaniambia watu wako darasani na watoto na hawajala tangu jana, na yeye ana zile pesa za kambi kwa simu. Nikamwambia fanya vile unaona inafaa tutaongea kesho. Kesho yake sikumpigia. Nilikua na mamangu mgonjwa nyumbani tukiogopa ni korona (haikua), siku zikapita, na hilo jambo likatoka kwa kichwa. Kwa kamati sikusema, na juzi mweka hazina aliposema wizi nikanyamaza. Kijana mwenyewe hajanitaja mpaka leo.

MhasibuMilimani

Basi dada, idhini ilikuwepo ya mdomo na ilitoka kwako. Hilo ndilo jambo la kwanza kwa kikao, kabla ya mtu yeyote kuongea juu ya huyo kijana. Useme wewe, ukiwa umesimama, na iandikwe.

Odhis wa Kondele

Useme. Na umpigie kijana leo kabla ya Jumamosi.

ZamaniVolantia

Wacha mi nijibu lile swali la tatu ambalo watu wameruka. Nilikua volantia wa kikundi kingine hapa Nyalenda miaka mitatu na mwaka huu ni mmoja wa wale walionyamaza, kwa hivyo najua wale 90 wako wapi.

Nilikua nafanya kwa hoteli, Machi ikafungwa. Nikauza simu kubwa nikabaki na kabambe. Mratibu wetu akaanza mikutano ya Zoom, wale wako na bando wanaingia, sisi wengine tunasikia tumewekwa kwa orodha ya wasiohudhuria. Mwezi wa saba nikapata Kazi Mtaani ya serikali, kuzibua mitaro na kufyeka, unarudi umechoka na ile pesa ndio chakula cha nyumba nzima. Halafu napata ujumbe, eti volantia wa kweli wanajulikana wakati wa shida. Nikatoka kwa grupu siku hio hio. Hakuna mtu alinipigia kuniuliza kama nimekula. Sio kwamba nilitaka kulipwa, kama ni kujitolea nilijitolea miaka yote hio, lakini mtu akiwa na njaa huwezi kumwambia aje apande miti kwa nauli yake.

Wapigie. Sio kuwaita kwa kazi, kuwajulia hali tu. Mmoja mmoja, kwa sauti.

Naxvegas_Mdau

Niongezee hapo kwa @ZamaniVolantia, sisi huku Nakuru tulifanya hivyo mwezi wa sita tukawapata wengi kuliko tulivyotarajia. Tuliandika majina yote kwa karatasi, kila mwanakamati akapewa kumi wa kupigia, anaandika tu yuko wapi, anafanya nini, anataka nini. Hakuna kuomba kitu kwa hio simu ya kwanza. Kuna wawili tuligundua wamefiwa na hakuna hata mmoja wetu alijua, maana mazishi yalikua ya watu 15 basi.

Halafu tukaacha habari ya kukusanya watu wa mitaa yote mahali pamoja. Watu watano watano, mtaa wao, kazi ya kutembea kwa mguu, kwa hivyo nauli hakuna na hatari ya kuambukizana ni ndogo. Wa kwetu wakachukua watoto wa darasa la nne na la nane waliorudi shule Oktoba, wanawasaidia kusoma jioni nje chini ya mti na maski zao, na wote wanaingia nyumbani kabla ya kafyu. Wale wa madarasa mengine ambao hawajaitwa bado nao wanajileta, huwezi kuwafukuza.

Kuhusu kredo, kutuma elfu moja kushuka kwa M-Pesa hakuna makato mpaka mwisho wa Desemba 2020. Mtumieni kila kiongozi wa watano mia moja ya kupigia wenzake, iingie kwa bajeti kama mawasiliano. Mtapata mfadhili hana shida na hilo.

NyarAlego

Narudi na habari, nimechelewa kidogo poleni.

Jumatano nilienda Ahero. Nilimpata kijana kwao, maji yalishatoka zamani lakini bado kwa ukuta wa nyumba unaona mstari wa matope, unafika kwa dirisha. Nikamwomba msamaha kwanza. Akasema alidhani nimemkana. Halafu akaingia ndani akatoka na daftari ya kurasa 96 ndani ya karatasi ya plastiki, ukurasa kwa ukurasa, jina la mwenye nyumba, watoto wangapi, unga paketi ngapi, neti ngapi, na sahihi, na pale mtu hajui kuandika kuna kidole cha wino. Wino kwingine umesambaa kwa sababu daftari lilinyeshewa. Risiti mbili zimefutika kama mhasibu alivyosema, lakini tulipita kwa mwenye duka la jumla akatafuta kwa kitabu chake akatuandikia upya na tarehe ya siku hio akieleza ni ya mauzo ya Mei.

Jumamosi nilisimama nikasema mi ndio nilimwambia. Kulikua kimya. Mweka hazina alikasirika na mimi kuliko alivyokua amemkasirikia kijana, na alikua na haki. Tumekubaliana hivi: matumizi yameidhinishwa kwa miniti ya siku hio, mi nimepewa barua ya onyo, kijana anabaki mratibu lakini pesa za tawi hazitakaa tena kwa simu ya mtu mmoja. Na tumeongeza kwa katiba kwamba dharura ikitokea watu wawili wa kamati wanaweza kukubali hadi 10,000 kwa ujumbe wa maandishi, kila mtu anauona, zaidi ya hapo lazima kikao hata kama ni cha simu.

Barua ya mfadhili imeenda Jumatatu, bado hajajibu. Kazi ya kupigia watu tumeanza, mi nimefikia wa 17.

Hesabu ya Ahero ndio hii: unga marobota 15 kwa 1,320 ni 19,800, neti 20 kwa 350 ni 7,000, maharagwe 5,000, sabuni na maski na vidonge vya maji 5,150.

MhasibuMilimani

Umefanya vizuri sana dada. Lakini hio yote ni 36,950. Ulisema 38,400. Kuna 1,450 iko wapi?

NyarAlego

Ya bodaboda na mtumbwi, barabara ilikua imekatika wakavusha unga kwa maji. Mwenye mtumbwi hakutoa karatasi.

MhasibuMilimani

Aandike kijana mwenyewe, tarehe, kutoka wapi hadi wapi, safari ngapi, atie sahihi, na mtu mmoja aliyekua naye atie pia. Kama bodaboda alimlipa kwa simu itafutwe kwa taarifa ya M-Pesa ya Mei.

NyarAlego

Bodaboda alimlipa kwa simu. Nampigia saa hii aitafute.