Mzee karudi toka Somalia, watoto wanamwogopa. Nifanyeje?

MamaKwota: Habarini wapendwa. Bwana yangu ni mwanajeshi wa UPDF, jeshi letu la Uganda, amerudi Somalia mwaka jana na tangu hapo amebadilika kabisa. Usiku anapiga kelele, radi ikipiga hapa Jinja anajirusha chini, mchana ananuna tu na watoto wakicheka kidogo anafoka. Kijana wetu wa miaka saba ameanza kukojoa kitandani, juzi ananiuliza mama, nimemkosea nini baba? Nilishindwa kumjibu. Wakwe wanasema karogwa. Nyinyi wenye waume jeshini mnafanyaje?

Afande mstaafu: Pole sana shemeji. Hajarogwa huyo. Mimi nilikuwa Mogadishu 2011, Al-Shabaab bado wako ndani ya mji, kule ukisikia mlio unalala chini kwanza ndo unauliza, sasa mwili ukishazoea hivyo hata ukirudi Uganda hauachi. Usimwamshe kwa kumshika, simama mbali kidogo umwite jina mpaka akujibu. Na waragi muangalie sana, wengi wanakunywa ili walale, nimeona nyumba za wenzangu zikivunjika kwa hiyo.

NesiGulu: Dada hii inaitwa PTSD, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mtu kupitia mambo ya kutisha, na inatibika, huku kaskazini baada ya vita ya yule muasi Kony tumeiona sana, hata kwa watoto. Huyo kijana usimwache na hilo swali, mtoto wa umri huo baba akinuna anajitafutia kosa mwenyewe. Mwambie wazi baba aliona mambo mabaya vitani ndo maana anashtuka, wewe hujakosa kitu. Habari za damu usimpe. Na kukojoa usimchape wala kumwaibisha tafadhali! Mzee naye anahitaji mtaalamu, anasimulia yaliyompata kidogo kidogo mpaka yanapungua nguvu, wakimbizi kule kambi ya Nakivale walitibiwa hivyo wakapata nafuu. Akiona aibu kwenda hospitali ya jeshi, kuna hospitali ya akili ya Butabika, Kampala. Ila akianza kupiga, toka na watoto kwanza, mengine baadaye. Simu ya watoto ni 116, bure.

MamaKwota: Asanteni sana, kupiga bado hajapiga. Kijana nitaongea naye leo akitoka shule. Ila mzee hospitali hataki kabisa kuisikia, anasema yeye si kichaa. Afande unaweza kuongea naye? Mimi nikianza tu anatoka nje.

Afande mstaafu: Nitumie namba inboksi shemeji. Nitamuuliza kwanza alikuwa batalioni gani, hospitali tutafika polepole.