Mji wa Kale: mkokoteni una ruhusa ya kuingia, anayeusukuma hana. Nani atatuambia chakula tununue wapi?

Nimeandika nikafuta mara tatu tangu asubuhi, kwa sababu nimefunga na sitaki saumu yangu iharibike kwa matusi. Sasa liwe liwalo. Leo Ijumaa, tarehe 15 Mei 2020, ni siku ya tisa tumefungiwa humu Mji wa Kale wa Mombasa kwa ajili ya corona, na mpaka saa hii sijapata watu wawili wenye madaraka wakanipa jibu moja kwa swali dogo kabisa: mimi mkaaji wa Kibokoni, mtaa wa humu humu ndani, kitunguu nikanunue wapi?

Mtu asije hapa akanisomesha corona. Naijua. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, kafyu ya usiku ikaingia Machi 27, Aprili 8 Mombasa, Kwale na Kilifi zikazuiwa kutoka na kuingia, na yote hayo tumeyafuata. Barakoa navaa, maana faini ya elfu ishirini sina na jela ya miezi sita siiwezi. Mama yangu ana miaka sabini na sita, ana sukari na presha, na analala chumba kimoja na mimi. Nikimletea maradhi ndani nitakuwa nimemuua mwenyewe. Kwa hivyo sipingi kufungwa. Napinga kufungwa na watu ambao hawajakaa wakakubaliana wao kwa wao wamefunga nini.

Tangazo la kutufunga lilisomwa Jumatano ile, tarehe 6, na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, sisi pamoja na wenzetu wa Eastleigh, Nairobi. Siku kumi na tano. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, masoko yafungwe, mikahawa ifungwe, kuanzia saa moja jioni hiyo hiyo. Na kafyu nayo ni saa moja. Magharibi yetu sasa inaadhiniwa kama saa kumi na mbili na robo. Hebu piga hesabu mwenyewe: mwanamke aliyefunga, futari iko jikoni, ndani ya saa chache zilizobaki atoke akanunue chakula cha siku kumi na tano. Kwa pesa gani? Humu mitaani watu wengi wanakula cha leo kwa kazi ya leo. Nusu kilo ya sukari, mafuta ya kupima, unga wa siku mbili. Mtu wa kujaza friji wiki mbili simjui katika uchochoro wetu, na friji zenyewe zinahesabika.

Haya, tuseme tumelala tumeamka, tumefungwa. Soko ni nini?

Msinicheke, nauliza kweli. Marikiti ni soko, hilo mtoto mdogo analijua. Nimekwenda Marikiti kwa miguu tangu nikishikwa mkono na nyanya yangu, na sasa iko mbali nami kama mji wa Mariakani huko bara. Lakini yule bwana wa duka la pembeni mwenye gunia tatu za viazi mlangoni, lile ni duka au ni soko? Siku ya kwanza aliambiwa ni duka, auze. Siku ya tatu wakaja wengine wakamwambia viazi na nyanya ni bidhaa za soko, aingize ndani, abaki na sabuni na unga. Siku ya tano akarudisha viazi nje, hakuna aliyemwambia kitu. Jana ameambiwa afunge saa nane. Leo hajafungua kabisa, na simlaumu, ningekuwa mimi ningeshachoka siku ya pili.

Na mkahawa je? Jirani yangu mmoja, mjane, Ramadhani nzima anakaa barazani pake kuanzia alasiri na karai lake la viazi na bakuli la mbaazi. Hana kiti cha mteja wala meza. Unakuja na chombo chako, unapakuliwa, unakwenda zako. Kaambiwa huo ni mkahawa! Nimemuuliza kijana aliyemwambia hivyo: mwanangu, na mimi nikipika mbaazi nikampelekea jirani sahani, nimefungua hoteli? Akaniambia, "Mama, mimi nimetumwa tu." Wote wametumwa. Aliyewatuma ndiye ninayemtafuta.

Vizuizi sasa. Mimi vilivyo karibu nami ni vitatu, na wallahi ni kama serikali tatu. Cha kwanza wanasema mtu mmoja kwa kila nyumba anaweza kusogea mpaka kwenye kamba, apokee kitu kutoka ng'ambo, arudi, mwisho saa sita mchana. Cha pili wanasema hakuna kupokea chochote mpaka uwe na barua ya chifu. Nikauliza chifu ofisi yake iko wapi. Iko nje ya kamba! Cha tatu inategemea nani yuko zamu. Asubuhi kuna afande mmoja mpole, ukimsalimia anaitikia, anakuachia mfuko wako. Mchana anakuja mwengine, hata salamu haitaki.

Wale waliozingirwa Ngomeni, hapo Fort Jesus, kuanzia 1696 mpaka 1698 walikaa karibu miaka mitatu, na wengi walimalizwa na maradhi kuliko mizinga, hilo tumelisoma shuleni. Lakini angalau walijua chakula kikija kitakuja kwa bahari. Sisi hatujui hata tutazame upande gani.

Sasa nawapa kisa cha Jumanne, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Kakangu anakaa Majengo. Nilimpigia nikamwambia hapa ndani nyanya za hamsini zimekuwa za mia na zimepondeka, na nazi moja muuzaji anataka sabini. Akanunua huko: viazi debe zima, vitunguu kilo tano, nazi kumi na mbili, unga wa ngano pakiti sita, tende, ndimu, vya kwetu na vya nyumba tatu za jirani. Akamtafuta hamali mwenye mkokoteni, akamlipa, akaja naye mpaka kizuizi cha kwanza. Mimi nikasogea kwenye kamba saa nne asubuhi, barakoa usoni, nimejiweka mbali na watu ile mita moja na nusu yao.

Afande akauliza, ni nini hiki? Chakula. Akanyanyua gunia, akatazama chini yake, akasema, "Chakula hakina shida. Bidhaa zinaingia. Mtu ndiye haingii."

Nikasema alhamdulillahi. Basi mkokoteni uingie.

"Uingie."

Nani atausukuma?

Akanyamaza. Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama simu. Nikamwambia, baba, mkokoteni hauna miguu. Akasema hamali akivuka kamba atakuwa amevunja amri na hatatoka tena mpaka siku ziishe, na mimi nikivuka kwenda kumsaidia nitakuwa nimetoka eneo. Nikasema basi tuhamishe mzigo kwa mikono, mfuko mmoja mmoja. Hapana, hiyo ni kukusanyana. Watu watatu na gunia la viazi, kumbe tumekuwa mkutano wa hadhara.

Unajua suluhisho lilikuwa nini? Barabara pale inateremka kidogo kuja upande wetu. Hamali alisukuma mpaka tairi za mbele zikagusa kamba, kamba ikanyanyuliwa, akaachilia. Mkokoteni ukaja peke yake, na mzigo wake, na mbio zake. Vijana wawili wa mtaani wakaudaka kabla haujapanda baraza la watu. Nazi mbili zikapasuka, ndimu zikatawanyika mpaka mtaroni, watoto wakazikimbilia kila mmoja na mikono yake, na hapo ndipo tulipokusanyana kweli kweli. Maafande wakacheka. Na mimi nikacheka, nisiwe mwongo. Kwa dakika mbili ilikuwa raha.

Tukapakua. Nikawaambia wale vijana rudisheni mkokoteni wa watu.

"Huo hautoki."

Hautoki vipi? "Bidhaa ndizo zinazopita. Huo sasa hauna bidhaa."

Nimesimama pale mpaka adhuhuri. Nimebembeleza, nimepandisha sauti, nimemtaja Mungu. Hamali yuko upande wa pili, hatua kumi na tano hivi, amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi. Nikashauri tuutie kitu ndani ili uwe na bidhaa, hata maganda ya nazi. Wakasema nisiwafanyie mzaha. Zamu ikabadilika, wa mchana akaja, na huyo hakutaka hata kusikia hadithi ilianzia wapi. Wale vijana wakausukuma mpaka kwangu. Umelala uchochoroni, nimeufunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha. Leo siku ya nne.

Na usidhani mkokoteni ni wake. Anaukodi kwa tajiri, shilingi mia kwa siku, awe amepata mzigo au hajapata. Anadaiwa kodi ya kitu ambacho hakioni. Namtumia mia mbili kila jioni kwa M-Pesa, nashukuru angalau wakati huu wa corona, 2020, kutuma chini ya elfu moja hakukatwi, lakini mia mbili ukitoa mia ya tajiri kwake inabaki nini? Ana watoto. Aliniletea chakula changu, na mimi nimemfungia kazi yake dirishani.

Najua kuna watakaokuja hapa chini waseme nyinyi watu wa Mji wa Kale ni wakaidi, mlikataa kupimwa, mnastahili. Mimi nimepimwa. Nilikwenda mwenyewe, na mama nikamchukua, kile kijiti cha puani kikamtoa machozi. Na hata angekuwako mkaidi, tangu lini dawa ya mkaidi ikawa kumnyima jirani yake viazi? Wengine mtasema kuna chakula cha msaada kinagawanywa. Kipo, na aliyetoa Mungu amlipe. Upande wa pili wa mtaa wetu wamepata, upande wetu bado, na hata kikifika, mama haruhusiwi kula ugali mweupe na sukari kila siku. Daktari kamwambia mboga. Mboga ndiyo hiyo iliyokuwa soko juzi, ikawa duka, ikawa soko tena.

Na hizi voisi za WhatsApp, jamani, tuacheni. Nimesikiliza moja inasema kesho kutakuwa na masaa mawili ya kutoka kununua. Watu wakajipanga tangu baada ya daku, wazee na viti vyao, wakarudishwa kwa virungu vikipigwa ukutani. Nyengine inasema jina liandikishwe kwa nyumba kumi. Mzee wetu wa nyumba kumi mwenyewe ananiuliza mimi niliyasikia wapi.

Ninachotaka si kikubwa. Karatasi moja, kwa Kiswahili, ina sahihi na muhuri, ibandikwe kwenye kila kizuizi, ile ile. Duka gani lifungue, mpaka saa ngapi. Mboga iingie kwa njia gani. Hamali avuke au asivuke. Maji je, maana wenye mikokoteni ya maji nao wanazuiwa siku nyengine na mifereji yetu mnaijua. Wakisema hapana, basi iwe hapana ile ile Kuze na Ndia Kuu, tujue tujipange vipi. Siku kumi na tano zinaisha tarehe 20, na Idi iko nyuma yake tu. Wakiongeza siku, na nahisi wataongeza, itakuwa hivi hivi?

NAONGEZA, saa kumi na moja jioni: Aliyeniuliza hapo chini kama nimejaribu kizuizi cha tatu, ndiyo, nimetoka huko sasa hivi. Nimeusukuma mkokoteni mwenyewe na mwanangu wa kiume, kwa saumu zetu. Yule afande mpole hayuko, wamemhamisha. Huyu mpya kanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa, kisha akasema mkokoteni utatoka nikileta barua ya mwenyewe kuthibitisha ni wake. Mwenyewe ni yule tajiri, yuko nje. Barua yake nayo sijui itahesabiwa ni bidhaa au ni mtu.

Tumeurudisha. Hamali kapiga simu nikiwa bado nahema. Hakuuliza utatoka lini. Kauliza kama nimeuweka kivulini, mbao zisije zikapasuka kwa jua. Nimemwambia nimeufunika kwa mkeka.