Chombo cha maji ya ndege kiangazi, Dodoma

Swali: Wakuu, bustani ya mtaa wetu ina miarobaini na mbuyu mmoja. Kiangazi hiki ndege wanagombania bomba linalovuja. Tukiwawekea maji, chombo kiwe na kina gani, na mbu je?

Jibu: Kina kisizidi sentimita 5. Beseni lenye kuta za utelezi linazamisha chiriku. Chukua sahani ya udongo ya kukalishia chungu cha maua, weka jiwe katikati lichomoze juu ya maji. Mbu huchukua kama wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo mwaga kila baada ya siku mbili. Ila kumwaga peke yake hakutoshi: mayai ya Aedes, mbu wa dengue, hunata ukutani na huvumilia ukavu miezi kadhaa. Sugua kwa brashi. Hapo ndipo wengi wanapozembea.

Jibu: Sabuni achana nayo. Weka kivulini, mita 2 au 3 kutoka kichakani; paka huvizia humo.

Jibu: Kuzi, wale wa bluu wenye tumbo la chungwa, huja kundi zima na kuwafukuza tetere. Vyombo viwili, basi. Nyuki nao watafuata maji: watengee sahani ya kokoto, mbali na bembea za watoto.