Mjadala: mgeni wa Star Wars aanzie 1977 au 1999?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likiibuka watu hugawanyika na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mtu ambaye hajawahi kutazama Star Wars hata siku moja akikuuliza aanzie wapi, unamwambia nini? Aanze na sehemu ya kwanza kwa namba, yaani The Phantom Menace ya 1999, au ile iliyotangulia kutoka, ya 1977, ambayo kwa namba ni ya nne?

Kwa wasiofuatilia: George Lucas alianza na filamu tatu, za 1977, 1980 na 1983. Miaka 16 baadaye akarudi nyuma kusimulia yaliyotangulia, akatoa nyingine tatu, 1999, 2002 na 2005. Hizo ndizo filamu za utangulizi. Zinaeleza jinsi Anakin Skywalker, mtoto wa kitumwa mwenye kipaji cha ajabu, alivyolelewa na Jedi, wapiganaji walinzi wa Jamhuri, kisha akageuka Darth Vader, adui mwenye barakoa nyeusi tuliyemjua tangu 1977. Na zinaeleza jinsi Jamhuri iliyotawala galaksi ilivyogeuka Himaya. Ambaye hajaziona na ana nia ya kuziona aishie hapa, kwa sababu hoja yangu haielezeki bila kutoboa siri zenyewe.

Wapo wanaosema filamu hizi zilikuwa kosa tangu mwanzo. Wapo, hasa waliokua nazo, wanaosema ndizo tamu na mgeni aingilie hapo. Mimi naona hivi: ni nzuri kuliko zinavyosemwa, lakini uzuri wake unamhitaji mtazamaji anayejua mwisho. Ukimwanzishia mgeni hapo unamnyang'anya vitu viwili kwa mpigo, siri ya 1980 na uchungu wa 2005.

Nililijua hili kwa mdogo wangu. Nilimkalisha nikamwekea kwa namba, ya kwanza hadi ya sita, nikiamini namba ni namba. Tukafika ya tano, The Empire Strikes Back. Luke, kijana shujaa wa filamu za awali, ameshakatwa mkono, kang'ang'ania chuma juu ya shimo lisilo na mwisho, upepo unampiga, na Vader anamnyooshea mkono akimwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Niligeuka nimtazame mdogo wangu usoni. Akaniuliza, "Kwani Luke alikuwa hajui?"

Basi. Tukio lililowatikisa watu mwaka 1980, kwake lilikuwa habari iliyochelewa kumfikia Luke.

Sasa nieleze kwa nini nazitetea, maana mnaweza kudhani nazibeza. Ile ya 1999 inafunguka na maandishi yanayozungumzia kodi za njia za biashara, na watu hadi leo wanalalamika kwamba walikuja kuona panga za mwanga wakapewa habari za kodi. Jamani, hapo ndipo penye hadithi! Sayari ya Naboo imezingirwa na wafanyabiashara wenye jeshi. Malkia Amidala, binti mdogo, anakimbilia Seneti kuomba msaada. Pembeni yake ameketi seneta wa Naboo, Palpatine, mzee mpole, anamnong'oneza kwamba Chansela aliyepo, kiongozi wa Jamhuri, hana meno na dawa ni kuitisha kura ya kutokuwa na imani naye. Binti anasimama na kuitisha kwa kinywa chake mwenyewe. Filamu haijaisha, Palpatine ni Chansela.

Mwaka 2002 vita vinanukia, na pendekezo la kumpa Palpatine mamlaka ya dharura linaletwa na Jar Jar, kiumbe mwenye moyo safi kuliko wote mle ndani. Seneti inashangilia. Mwaka 2005 Palpatine anasimama, uso umeharibika, kofia ya joho imemfunika, anatangaza Himaya, na Seneti inashangilia tena. Padmé, yuleyule malkia wa zamani, anatazama na kusema kwamba kumbe uhuru unakufa hivi, kwa makofi. Hakuna kikosi kilichovamia bunge. Kila hatua imepitishwa na wenye haki ya kuipitisha. Sijaona filamu nyingine ya vita vya anga iliyolieleza jambo hili kwa subira namna hii.

Ila angalia kinachoifanya itishe. Palpatine anachezwa na Ian McDiarmid, mwigizaji yuleyule aliyecheza Mfalme wa Himaya mwaka 1983. Ukiwa umeshamwona akimrushia Luke radi kwa vidole, kila tabasamu lake la 1999 linakusisimua mwili. Mgeni asiyejua anamwona mwanasiasa mpole tu, na saa nzima ya vikao inampita.

Udhaifu upo. Mapenzi ya Anakin na Padmé katika ile ya 2002 yamesemwa kwa maneno magumu kama mawe, na waigizaji wazuri wanaonekana wamesimama mbele ya vitu visivyokuwepo. Mwaka 1980 Lucas alimwachia Irvin Kershner kuongoza, na skripti ikabeba majina ya Leigh Brackett na Lawrence Kasdan. Zile tatu za utangulizi aliziongoza zote mwenyewe, na mkono wa pili unaonekana kukosekana. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako, umeandika vizuri lakini mimi nabaki na namba.

Kwanza, hiyo siri ya 1980 ilishakufa. Hata ambaye hajaona filamu moja anajua Vader ni baba wa nani. Unamlinda mgeni na kitu alichokwisha kukisikia.

Pili, ukienda kwa namba hadithi nzima ya filamu sita ni ya mtu mmoja. Unaanza na mtoto wa miaka tisa anayemuaga mama yake utumwani, anageuka nyuma kumwangalia, mama anamwambia asigeuke. Unamaliza mwaka 1983, yule mtoto sasa ni mzee ndani ya chuma, anamnyanyua bwana wake na kumtupa shimoni ili kumwokoa mwanawe. Aliyeanzia 1977 anamwona adui aliyejirudi. Aliyeanzia 1999 anamwona mtoto aliyerudi nyumbani.

Tatu, chukua tukio dogo la 1977. Luke anamuuliza mzee Obi-Wan, Jedi aliyekuwa rafiki wa Anakin, baba yake alikufaje. Alec Guinness, anayemcheza mzee huyo, anasita, macho yanakwepa, ndipo anajibu kwamba aliuawa na Vader. Kwa namba, wewe mtazamaji unajua mzee anadanganya na unajua kwa nini, kwa sababu ulimwona mwaka 2005 akimwacha rafiki yake akiungua kando ya lava. Kusita kule kunakuwa kuzito mara kumi.

Na tuache kusema watu hawazipendi. Ile ya 2005 iliporudishwa kumbini Aprili 2025, baada ya miaka 20, iliingiza zaidi ya dola milioni 20 Marekani kwa wikiendi moja.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnajadili zikae wapi. Mimi nasema zisingekuwepo.

Filamu ya utangulizi inapaswa iheshimu kilichokwisha kusemwa. Mwaka 1983 Leia, dada pacha wa Luke, anamwambia kaka yake kwamba anamkumbuka mama yake mzazi kidogo, alikuwa mzuri, mpole, mwenye huzuni. Mwaka 2005 mama huyo anafariki dakika chache baada ya kujifungua. Leia amekumbuka nini? Mwaka 1980 Obi-Wan anamtaja Yoda, Jedi mkongwe, kuwa ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1999 tunaletewa mwalimu mwingine kabisa, Qui-Gon. Ikabidi ile roboti ya dhahabu, C-3PO, ifutwe kumbukumbu mwishoni mwa 2005 ili hadithi ya 1977 isivunjike, kwa sababu walishaamua kwamba Anakin ndiye aliyeitengeneza akiwa mtoto. Kwa nini aitengeneze yeye? Galaksi yenye sayari maelfu imegeuzwa kijiji, kila mtu anamjua kila mtu.

Na lile la damu siwezi kulisamehe. Nguvu wanayoitumia Jedi ilikuwa fumbo, kitu kinachofunga viumbe vyote pamoja. Mwaka 1999 Qui-Gon anachukua damu ya mtoto, anatuma sampuli ipimwe, na jibu linarudi kwa tarakimu. Ile imani ya mzee wa jangwani ikawa kipimo cha maabara.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niingize neno moja kabla hamjaendelea. Tukizikosoa filamu hizi, tuwatofautishe wahusika na watu waliowacheza. Jake Lloyd, aliyemcheza Anakin mtoto, alikuwa na umri wa miaka minane tu walipopiga picha za filamu ya 1999, na baadaye alisimulia jinsi alivyodhihakiwa shuleni. Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba chuki ile ilimfikisha kwenye wazo la kujiua. Mwaka 2023 alirudi katika The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars, safari hii akiwa Jedi mwenye panga mbili anayemwokoa mtoto Grogu, na mashabiki walimpokea kwa furaha. Nililia. Alichofanya 1999 ni kazi aliyoajiriwa aifanye, na aliifanya kwa mwili wake wote.

Mleta mada

Mchangiaji wa tatu, ahsante sana. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Mchangiaji wa pili, makosa uliyoyataja ni makosa kweli, na la Leia halina utetezi wowote ninaoukubali. Hata lile la damu niko nawe. Lakini kusema zisingekuwepo ni kuitupa pia Seneti ile. Na ni kulitupa tukio moja la 2005 ambalo ningependa ulitazame tena peke yake. Anakin ameota mkewe akifa kwa uzazi. Palpatine amemwambia anazo nguvu za kuzuia kifo. Jedi wamekwenda kumkamata Palpatine na wamemwamuru Anakin abaki. Jua linazama. Yeye yuko peke yake katika ukumbi wa baraza, Padmé yuko nyumbani kwake upande wa pili wa jiji, na kila mmoja anatazama dirishani kuelekea aliko mwenzake. Hawasemi neno. Ni sauti ya mwanamke tu inaomboleza kwenye muziki wa John Williams. Chozi linamtoka Anakin. Kisha anaondoka kwenda kumwokoa yule yule atakayemwangamiza. Mwandishi aliyeshindwa kuandika maneno ya mapenzi mwaka 2002, hapa ameyaacha maneno kabisa, na imekuwa kitu.

Mchangiaji wa kwanza, kusita kwa Guinness umenishika pabaya, nakubali kunapendeza ukijua. Ila mwaka 1977 wazo la Vader kuwa baba lilikuwa bado halijazaliwa. Hata rasimu ya Brackett ya mwanzoni mwa 1978 inamtenga baba wa Luke na Vader. Lucas aliliingiza mwaka huohuo, Brackett akiwa ameshafariki. Kwa hiyo filamu ya 1977 imejengwa kwa mtazamaji anayemwamini Obi-Wan, na mgeni ana haki ya kumwamini.

Kuhusu siri iliyokwisha kuzagaa: kusikia habari si sawa na kuifikia ukiwa na Luke. Na ipo njia ya kati ambayo mashabiki wamekuwa wakiitumia. Mpe 1977, halafu 1980. Hapo Vader ameshasema neno lake na Luke hajui aamini au akatae. Simama. Rudi nyuma umpe zile tatu za utangulizi, kama mtu anayesimuliwa jibu. Ndipo umalizie 1983.

Nilifanya hivyo na mpwa wangu. Tulipofika jua lile la 2005, Anakin akigeuka kutoka dirishani, mtoto alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa vidole vyote, akasema kwa sauti ya chini, "Asiende."

Mchangiaji wa kwanza

Huyo mpwa amenigusa. Nitaijaribu njia hiyo, na nitakuongezea sababu moja ambayo hukuitaja. Mwishoni mwa ile ya 1983, Luke anaona vivuli vya Obi-Wan na Yoda, na pembeni yao anatokea baba yake. Tangu toleo la 2004, sura ya pale si ya mzee Sebastian Shaw tena, ni ya kijana Hayden Christensen aliyemcheza Anakin mwaka 2002 na 2005. Aliyetazama zile za 1977, 1980 na 1983 mfululizo anafika pale akauliza, huyu kijana ni nani? Mpwa wako alimjua.