Kunicheka mbele ya mkurugenzi kwa sababu ya prosesa za muda ni dharau isiyovumilika

Mwanzisha uzi: Ndugu zangu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnayemjua nyote, anayeuzia nusu ya Kampala seva kubwa, amenicheka mbele ya mkurugenzi wangu. Shule zilipofunguliwa, wazazi wa nchi nzima wakalipa karo kwa mkupuo na mfumo wetu ukaelemewa, tukawasha kwa muda prosesa za ziada kwenye seva ya Power ya IBM, zile zinazokaa ndani ya mashine tangu inaponunuliwa lakini zimefungwa mpaka uingize msimbo. Nilimuuliza waziwazi muda ukiisha itakuwaje, akanijibu kwamba zitajizima zenyewe. Hazikujizima! Zilibaki zimeshikwa na patisheni ya hifadhidata (ile sehemu ya seva iliyotengwa ifanye kazi kama mashine yake yenyewe), na ankara ikanona kiasi cha kununua teksi zote za Old Taxi Park pamoja na makondakta wake. Leo alipoulizwa, alicheka. Hakuomba radhi, aliegemea kiti, akachukua sambusa yetu, akasema, "Kijana wenu hakujua kwamba prosesa hurudishwa?" Halafu akacheka tena. Kijana! Nina watoto wa sekondari!

Mzee wa Ntinda: Pole ssebo, lakini jambo hilo linajulikana. Ukiomba prosesa 4 kwa siku 3, umenunua siku-prosesa 12, yaani prosesa moja kwa siku moja ni siku-prosesa moja, na muda ukiisha kabla hujaziondoa kwenye patisheni, zinahesabiwa kuwa hazijarudishwa na zinaendelea kutozwa. Na kijana ni kijana tu, hata akiwa na wajukuu.

Mwanzisha uzi: Mzee wangu, sikuuliza hesabu. Nasema alicheka, huku sambusa yetu ikiwa mdomoni mwake!

Dada wa Mbale: Huyo huyo alitusisitizia tuwashe prosesa za muda, kisha hakutukumbusha kwamba matumizi huripotiwa kila mwezi. Nilipompigia simu alinikatia.

Mlinzi wa Hifadhidata: Afadhali ninyi mliotozwa prosesa peke yake. Sisi leseni ya hifadhidata yetu huhesabiwa kwa prosesa, kwa hiyo tulipoongeza nguvu kwa ajili ya mishahara ya mwisho wa mwezi, wakaguzi wa leseni walitudai fedha zilizozidi gharama ya prosesa zenyewe, na msimamizi wangu akatangaza kwamba ni mimi niliyeifilisi idara.

Mwanzisha uzi: Lakini je, msimamizi wako alicheka?

Dada wa Mbale: Mlinzi, mngeweka patisheni zote za hifadhidata kwenye kundi moja la prosesa lenye kikomo, kisha mkaziongezea nguvu patisheni nyingine tu.

Mlinzi wa Hifadhidata: Tuliliweka, dada. Wakaguzi wakasema mkataba wetu hauutambui utaratibu huo.

Mzee wa Ntinda: Hao wakaguzi ndio waliotuharibia bajeti nasi. Mlinzi, walikubali kupunguza deni, au mlilipa lote?