Naombeni ushauri: fleti yangu ya Nyali, kaunti yataka kibali na kamati ya jengo haitaki wageni

BintiTudor

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina fleti ya vyumba viwili Nyali, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, niliyoinunua kwa mkopo wa sacco. Mimi na familia tunakaa Tudor. Mpangaji wa mwisho alipohama nikatia fanicha, AC na waifai, nikaanza kupokea wageni wa siku mbili tatu kupitia Airbnb. Wengi ni familia za Nairobi zinazoshuka na treni ya SGR Ijumaa na kurudi Jumapili. Mpangaji alikuwa akinilipa 45,000 kwa mwezi. Agosti na Disemba pesa za wageni zinapita hapo mbali sana, lakini mvua za Mei zikishika fleti inakaa tupu na sacco wanakata vile vile.

Sasa yamenikuta mawili kwa pamoja. Maafisa wa kaunti walipita jengoni wakaacha notisi kwamba anayepokea wageni awe na kibali cha biashara. Wiki hiyo hiyo kamati ya jengo ikabandika karatasi ndani ya lifti: kuanzia mwezi ujao, anayekaa chini ya miezi mitatu haingii getini. Na soja hakungoja huo mwezi ujao. Jumamosi alimsimamisha mama mmoja na wanawe watatu, masanduku chini, jua la saa saba, mpaka nilipofika kutoka Tudor. Yule mama alikuwa ameshalipa kila kitu. Niliona haya mbele yake.

Nauliza: nikikata kibali cha kaunti, kamati bado inaweza kunizuia? Na vibali vyenyewe ni vingapi? Kuna broka anataka 60,000 "amalize kila kitu". Au nirudishe tu mpangaji wa kawaida yaishe?

Mhasibu_Ganjoni

Dada, broka usimpe hata shilingi. Karatasi zote hizo unaziomba mwenyewe kwa jina lako.

Ya kaunti kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, iliwaachia kaunti leseni za biashara na utalii wa eneo lao, ndiyo sababu notisi imetoka kwao. Kibali ni cha kila mwaka na ada yake imeandikwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa hiyo bei usiambiwe na mtu kwa mdomo, isome. Tarajia kuulizwa cheti cha zimamoto pia. Mtungi wa kuzimia moto uwe umeshaufunga ukutani kabla hujaenda.

Ya pili ni leseni ya TRA, wale wadhibiti wa utalii wa serikali kuu. Wengi hapa Mombasa wanasema "mimi si hoteli". Sheria ya Utalii ya 2011 imetaja fleti za huduma, nyumba za likizo na nyumba za wageni, zote zimo kwenye orodha ya wanaotakiwa leseni. Pamoja nayo kuna ushuru wa utalii, asilimia 2 ya mapato.

Kodi ya serikali: ile asilimia 7.5 ya mapato ya kupangisha (ilikuwa 10 mpaka mwisho wa 2023) ni ya nyumba za makazi, za mpangaji kama yule wako wa zamani. Malazi ya likizo sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haiyahesabu kuwa makazi, kwa hiyo yanaingia kwenye kodi hiyo. Usishtuke, kujisajili VAT ni mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, na fleti moja haifiki huko. Lakini hesabu za wageni ziandike kando tangu leo, usizichanganye na za mpangaji.

Lililo zito nimeliacha mwisho, na mabroka huwa hawaligusi. Jengo lenu bila shaka lilipitishwa kama makazi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti mtu akibadilisha matumizi. Nenda ofisi ya mipango uulize hilo kabla hujalipia kibali chochote. Unaweza kulipa ada zote za mwaka kisha ukaambiwa jengo haliruhusu biashara.

GhorofaYaNne

Mimi nitasema kama jirani, na nitasema kweli. Jengo letu lina fleti sita za wageni. Maji tunanunua ya boza, bili inagawanywa sawa kwa kila fleti. Wageni wanane wakitoka baharini kila mmoja anaoga mara tatu kwa siku, na Jumapili asubuhi nataka kuwaogesha wanangu, tangi limekauka. Mwisho wa mwezi nalipa maji ya watu nisiowajua. Bado muziki wa saa nane za usiku, bado vijana kugonga mlango wangu kwa kukosea ghorofa. Mamangu ni mzee, anakaa na mimi, siku hizi analala na kiti nyuma ya mlango.

Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi, kila mmoja kwa wakati wake, ndani ya nyumba za kukodi kwa usiku. Serikali ikaagiza wenye nyumba hizi wote wajisajili. Dada BintiTudor, sikushuku kwa baya lolote, lakini jiulize kama soja wenu anajua nani yuko fleti yako usiku huu.

BintiTudor

@GhorofaYaNne nimekusoma mara mbili. Huwa naomba picha ya kitambulisho cha aliyelipa tu, wenzake huwa siulizi. Na maji yetu pia tunagawana sawa. Sikuwahi kufikiri kwamba jirani wa chini ananilipia wageni wangu. Pole sana kwa mamako.

KamatiKizingo

Mimi niko kwenye kamati ya jengo letu Kizingo, na vita hii tumeipigana mwaka mzima. Nikujibu lile swali la kwanza: kibali cha kaunti kinakuruhusu wewe kufanya biashara mbele ya serikali. Hakikupi kauli juu ya wenzako mnaomiliki jengo pamoja. Chini ya Sectional Properties Act ya 2020, sheria ya majengo ambayo kila fleti ina hati yake, wenye fleti ni shirika moja, na shirika lina kanuni zake zinazopitishwa na wenye fleti wenyewe kwenye mkutano.

Ndiyo maana ile karatasi ya kwenye lifti inanitia shaka. Iliitishwa mkutano? Wewe ni mwenye hati, uliletewa taarifa? Omba kwa maandishi nakala ya kanuni na kumbukumbu za mkutano uliopitisha zuio. Kama ni watu wanne waliokaa sebuleni kwa mwenyekiti wakaamua, hiyo si kanuni ya jengo. Na kama ilipita kihalali, mpelekee wakili aisome pamoja na hati yako.

Sisi tulifika hapa: kila fleti ya wageni ifunge mita yake ya maji, ada ya huduma iwe juu kuliko ya mkaaji, wageni wasizidi wanne kwa vyumba viwili, majina ya wote yafike getini kabla hawajafika, na mwenye fleti awe na mtu Mombasa anayeweza kufika nusu saa akiitwa. Ukivunja mara mbili, mwezi mzima hupokei mgeni. Wenye fleti wawili waliona masharti ni mengi wakarudisha wapangaji. Waliobaki hatugombani nao.

Jambo moja la vitambulisho: picha zake zisizagae kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na inakuhusu hata wewe mwenye fleti moja. Jina na namba vinamtosha soja.

Mswahili_Queens

Niko New York. Kwetu huku jiji lilikaza tangu Septemba 2023. Kupokea mgeni wa chini ya siku 30 ni lazima ujisajili na jiji, uwe unaishi humo humo na uwepo wakati wote mgeni yupo, na wageni wasizidi wawili. Hata vyumba vya ndani huruhusiwi kuwafungia kwa kufuli. Fleti nzima ya kukaa wageni peke yao kama yako, huku haipiti. Masharti ya Kizingo ni nafuu kubwa, yachukueni mapema kabla kaunti haijatunga makali yake.

BintiTudor

Nimemwandikia katibu wa jengo leo kuomba kanuni na kumbukumbu. Amejibu kwamba mkutano wa wenye fleti ni wiki ijayo, "tutalizungumza". Jumatatu naenda ofisi ya mipango. Waliolipia mwezi ujao nimewaarifu hali ilivyo, atakayetaka pesa zake namrudishia. Broka nimemwambia hapana.

@KamatiKizingo yale masharti mliyaandika? Ningependa kuyapeleka mkutanoni, na la mita ya maji nitalitaja mimi mwenyewe kwanza.

KamatiKizingo

Yapo kurasa mbili, nakutumia faraghani. Bei ya mita na fundi ijue kabla ya mkutano, ndilo swali la kwanza watakalokuuliza. Na wenye fleti wengine wanaopokea wageni waje nawe. Kwetu wawili walikosa kikao, kamati ikawapangia ada bila wao kuwepo.